Wekundu wa Magarini kwa Rangi za Maji

Jumatatu, Mombasa hadi Malindi

Kwenye matatu nilichagua kiti cha kushoto, upande wa bara. Bahari nimeizoea, safari hii nilitaka kuitazama ardhi. Ukitoka Mtwapa udongo bado umepauka. Vipingo, kwenye mashamba ya mkonge, wekundu unaanza kuchungulia kati ya mistari. Baada ya Kilifi barabara inaambaa na msitu wa Arabuko-Sokoke, na hapo macho yangu hayakutulia: msitu mmoja, udongo namna mbili, mchanga mweupe sehemu moja na mwekundu sehemu nyingine, na miti nayo inabadilika kuufuata udongo. Mchanga ule mwekundu wanajiolojia wameupa jina la Magarini, eneo lililo ng'ambo ya Mto Sabaki, kaskazini ya Malindi. Huko ndiko niendako.

Sababu ya safari naisema wazi. Picha za pwani zinazoanikwa madukani, kuanzia Diani hadi Lamu, karibu zote ni za buluu: jahazi, mnazi, mchanga mweupe, basi. Ni nzuri, nami nimezichora. Lakini watu wa Magarini wanaamka kila siku juu ya ardhi nyekundu. Wanajenga kwayo, wanalima ndani yake, na watoto wao wanatoka shuleni miguu ikiwa na rangi hiyo hiyo. Hiyo nayo ni pwani, na inastahili kuchorwa sawasawa.

Mkobani nina karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba, brashi za kutosha na tyubu chache. Anayeanza kununua rangi za maji namwambia hivi: usiishie kwenye jina la tyubu, soma msimbo wa pigmenti, yaani unga wenyewe unaotoa rangi, ulioandikwa kwa herufi ndogo ubavuni. Jina ni la kiwanda, msimbo ni wa kitu chenyewe. Tyubu mbili zilizoandikwa siena ya kuchoma zinaweza kuwa vitu viwili: moja PBr7, udongo wa kuchimbwa kisha ukachomwa; nyingine PR101, oksidi ya chuma iliyotengenezwa kiwandani. Mimi nimechukua siena ya kuchoma ya PBr7, nyekundu ya Venisi na nyekundu ya Kihindi (zote mbili PR101), ocha ya njano PY43, ultramarini PB29, kobalti PB28, waridi ya kwinakridoni PV19 na kijani cha ftalo PG7. Nyekundu ya kadimia nimeiacha nyumbani. Ina ukali usiopatikana katika udongo wowote nilioukanyaga.

Nimefika Malindi adhuhuri. Alasiri nzima nimechora vipande vya majaribio tu, kila rangi na maji yake, ili niione jinsi inavyokauka katika hewa ya hapa. Rangi za maji hufifia zikikauka, na mwishoni mwa Novemba, pamoja na unyevu huu wa vuli, huchelewa kukauka kiasi cha kumchosha mtu. Huko Marafa, kijiji cha Magarini nitakachokwenda keshokutwa, nadhani itakuwa kinyume.

Jumanne, mdomo wa Sabaki

Mto huu una majina matatu. Juu, huko karibu na Nairobi, ni Athi. Ukikutana na Mto Tsavo unakuwa Galana. Ukifika kwetu ni Sabaki. Mvua za vuli zimenyesha bara, na leo asubuhi mto umejaa. Maji yana rangi ya chai ya maziwa, na yanaingia baharini bila haraka, yakitandaa kuelekea Malindi hadi ghuba nzima imegeuka.

Nilikuwa nimeshakamua siena na nyekundu ya Venisi kwenye kibao cha kuchanganyia rangi. Niliposimama mchangani na kutazama vizuri nikazifuta zote mbili. Udongo mwekundu ukiwa ndani ya maji si mwekundu tena. Mto umebeba udongo wa kila ulikopita, mwekundu, wa njano na wa kijivu, na juu ya hayo yote maji yanaakisi anga. Mchanganyiko ulionikubali ni ocha ya njano mafungu matatu, siena ya kuchoma fungu moja, na kobalti ya kugusisha ncha ya brashi tu. Ukizidisha kobalti, picha yote inakuwa ya matope yasiyo na jua. Ukiikosa, maji yanaonekana kama shamba tambarare.

Kazi yenyewe iko kwenye mstari. Mbele kidogo, pale maji ya mto yanapokutana na ya bahari, upo mpaka unaoonekana wazi: huku hudhurungi, kule kijani cha bahari, katikati povu jembamba. Ukizipaka rangi hizo mbili karatasi ikiwa mbichi, zinakimbiliana na mpaka unapotea. Nilipaka kwanza upande wa bahari, kobalti na chembe ya kijani cha ftalo, nikasubiri mpaka karatasi iliacha kung'aa lakini bado ina ubaridi ukiigusa kwa mgongo wa mkono. Ndipo nikauleta upande wa mto. Mahali pengine rangi iliingiliana, mahali pengine ikakatika, vilevile inavyofanya kule majini.

Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu zake alisogea kutazama.

"Mwanangu, umekuja wakati maji machafu. Subiri kaskazi ishike, yatatakata, uchore bahari ya kweli."

"Shikamoo mzee. Hii si ya kweli?"

"Marahaba. Ni ya kweli," alisema baada ya kufikiri kidogo. "Lakini samaki hawaipendi."

Neno lake lina uzito kuliko alivyolitamka. Hapa mbele ya Malindi ipo hifadhi ya bahari tangu mwaka 1968, na matumbawe yake yameuhifadhi mto huu kama daftari. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa tumbawe la Malindi lenye umri wa takriban miaka 300. Bariamu, elementi inayofika baharini pamoja na udongo wa mto, iliyomo katika tabaka zake inaonyesha kwamba udongo unaoletwa na Sabaki uliongezeka sana kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, ardhi ya bara ilipoanza kulimwa na kulishwa mifugo kwa namna mpya. Kwa hiyo hudhurungi hii ninayoihangaikia ni mashamba ya watu yaliyokwenda na maji. Nimeichora na nitaendelea kuichora, lakini siwezi tena kuipaka bila kulikumbuka hilo.

Jumatano, Marafa

Kutoka Malindi unavuka daraja la Sabaki, unaipita Mambrui, kisha unaiacha lami na kushika njia ya bara. Nilipanda pikipiki. Hapo ndipo wekundu ulipofunguka: barabara, kingo za barabara, vichuguu, magoti ya watoto, makwato ya mbuzi. Mvua ilikuwa imenyesha juzi yake, na majani mapya yalikuwa yameota pande zote mbili.

Marafa lipo korongo ambalo wenyeji huliita Nyari na vitabu vya watalii huliita Hell's Kitchen. Kiingilio hukusanywa na wanakijiji wenyewe, na kijana wa hapo alinishusha. Alinieleza kisa ambacho kila mgeni husimuliwa: palikuwa na watu matajiri wenye ng'ombe wengi mno, wakafanya israfu hadi kuogea maziwa, na Mungu akaiporomosha ardhi yao. Nyeupe ya kuta ni maziwa yale, nyekundu ni damu. Mimi nilimsikiliza kwa makini ya mchoraji, kwa sababu kisa hicho kimezitaja rangi zile zile ambazo ningezitaja kwa kibao: tabaka za nyeupe, za waridi, za chungwa na za nyekundu, zilizochongwa na mvua zikawa nguzo na migongo myembamba.

Asili ya rangi zote hizo, isipokuwa nyeupe, ni chuma. Kikipata hewa na maji kwa muda mrefu katika joto kama letu, hugeuka kuwa kutu za namna mbalimbali. Madini yaitwayo hematiti hutoa nyekundu. Goethaiti, ambayo ina maji ndani yake, hutoa njano. Na hata hematiti peke yake haina rangi moja: punje zikiwa ndogo sana nyekundu yake huelekea chungwa, zikiwa kubwa huelekea zambarau. Ndiyo maana nyekundu ya Venisi na ya Kihindi, zenye msimbo mmoja, hukaa mbali hivyo kwenye kibao. Nilizibeba zote mbili kwa sababu hiyo, na huku bondeni zilinifaa zote mbili katika ukuta mmoja.

Saa saba mchana hakuna cha kuchora. Jua liko utosini, vivuli vimejikunja chini ya nguzo, na kuta zote zimekuwa waridi iliyochujuka. Nilikaa kivulini nikafanya jaribio ambalo nampendekezea kila mtu: toboa tundu dogo kwenye kadi nyeupe, lielekeze kwenye ukuta ule uliokuwa unauona mwekundu sana, utazame rangi iliyo ndani ya tundu peke yake. Mimi niliona hudhurungi iliyopoa, karibu na rangi ya kunde. Nilipoishusha kadi, ukuta ukawa mwekundu tena.

Hapo ndipo penye jambo zima. Wekundu wa Magarini hutegemea sana majirani zake. Vichaka vya kijani vilivyo ukingoni, anga iliyopauka, kivuli kilichoingia ubuluu, vyote vinausukuma udongo uonekane mwekundu kuliko ulivyo. Mkemia wa Ufaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, aliandika kitabu kizima juu ya tabia hiyo mwaka 1839. Mchoraji anayetafuta tyubu ya nyekundu kali ili apate udongo huu atapata ukuta wa plastiki. Nguvu iwekwe kwenye kijani na kwenye kivuli; udongo wenyewe uachwe mpole.

Saa kumi jua likaanza kulala, na kazi ikaanza. Sitasahau saa mbili zilizofuata. Tabaka ya kwanza nilitia karatasi yote ocha ya njano nyepesi sana, ili hata nyeupe ya kuta iwe na joto. Ikakauka mara moja, hewa ya bondeni ilikuwa kavu. Juu yake siena ya kuchoma kwa kuta zinazopigwa na jua, nayo iwe na maji mengi, kwa sababu siena hupitisha mwanga na karatasi inawaka kutoka chini. Kwa kuta za waridi niliongeza PV19 kidogo. Nyekundu ya Venisi ni nzito na huziba karatasi, hivyo niliiweka mahali pachache tu, kwenye migongo iliyo karibu nami.

Vivuli nilivichanganya kwa ultramarini na nyekundu ya Kihindi. Ukiwa na ultramarini nyingi unapata zambarau ya moshi. Nyekundu ikizidi unapata damu ya mzee. Ultramarini ina punje zinazotuama kwenye vinyweleo vya karatasi, na hapa tabia hiyo ni neema, maana kivuli kinapata chenga za mchanga bila kuzichora moja moja. Sikutumia nyeusi hata kidogo. Kijani cha ukingoni kilikuwa ftalo iliyotulizwa kwa siena. Ftalo peke yake ni kijani cha chupa, hakuna mti wa Kigiriama wenye rangi hiyo.

Saa kumi na mbili kasorobo kuta ziliwaka. Niliacha brashi nikatazama tu, mpaka kijana akaniambia, "Twende, kaka, giza hapa huingia ghafla."

Alhamisi, nyumba inayokandikwa

Nimelala Marafa. Asubuhi, karibu na nilipolala, mama mmoja na binti zake walikuwa wanakandika nyumba. Fito zilikuwa zimefungwa, makuti yamekwisha ezekwa, na udongo ulikuwa kwenye rundo, umelowekwa na kukanyagwa. Niliomba ruhusa nikae nichore. Alikubali kwa sharti kwamba nisimtie yeye kwenye picha, nami nimelitimiza.

Nilimuuliza udongo ule ameutoa wapi.

"Huu wa juu hauna nguvu, mchanga mwingi. Wa kukandikia unachimbwa chini, ule unaonata. Na ukitaka ukuta usipasuke, usiwe na haraka."

Ukuta ulionyesha saa zote za asubuhi ile. Sehemu iliyokandikwa alfajiri ilikuwa imeanza kukauka na kupauka, iliyokandikwa punde ilikuwa imekolea. Udongo ule ule, rangi mbili. Maji yanapojaza nafasi kati ya punje, mwanga unaoingia haurudi wote. Unapotelea humo, na jicho linaona rangi nzito. Kwa hiyo sehemu mbichi sikuichora kwa nyekundu zaidi. Niliongeza ultramarini kidogo kwenye siena, nikapunguza maji. Sehemu kavu ilikuwa siena yenye ocha na maji mengi. Kati ya hizo mbili hakuna mstari, kukauka kunatambaa.

Alipokuja kutazama aliguna.

"Mbona ukuta wangu umeutia zambarau hapa juu?"

"Ni kivuli cha makuti, mama. Hebu tazama."

Alirudi nyuma hatua kadhaa, akainamisha kichwa. "Ehe. Kweli. Pale si mwekundu." Kisha akawaita binti zake waje waone, na kwa muda sote tulisimama uani tukibishana kuhusu rangi ya kivuli. Binti mdogo alisema ni buluu. Alikuwa na hoja: anga ndiyo inayomulika mahali ambapo jua halifiki.

Jikoni nje palikuwa na mafiga, na udongo chini yake ulikuwa mwekundu kuliko wa uani wote. Nilifurahi sana kuuona. Hiyo ndiyo siena ya kuchoma, bila kiwanda. Udongo wa njano ukipata joto la nyuzi 300 hivi hupoteza maji yaliyofungwa ndani ya goethaiti, na kinachobaki ni hematiti. Mama alinipa sufuria kuukuu na makaa. Nilichota udongo wa njano wa kando ya njia, nikaukaanga taratibu, na mbele ya macho yetu ukageuka kwanza kahawia, kisha nyekundu ya matofali. "Hivyo hivyo hata vyungu," alisema mama, asishangae hata kidogo.

Alinipa pia madonge ya udongo wake wa kukandikia. Niliyaponda, nikayakoroga ndani ya ndoo ya maji, nikasubiri kidogo mchanga uzame, kisha nikamimina maji yenye udongo laini kwenye chombo kingine. Nikarudia mpaka vidole vilipokosa kuhisi punje. Chombo nimekiacha kituame usiku.

Ijumaa, Mambrui

Nilifika kabla ya sala. Mambrui ni mji wa kale. Lipo kaburi la nguzo lililopambwa kwa bakuli za kauri za China, na mwaka 2010 wanaakiolojia wa Kenya na China walipata hapa sarafu ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala kuanzia mwaka 1402 hadi 1424. Nilikuja kwa ajili ya kitu kimoja tu, kuta nyeupe juu ya udongo mwekundu.

Baada ya sala wanaume walitoka na kanzu zao wakasimama kuzungumza juani. Tazama pindo za kanzu, upande wa kivuli. Si nyeupe, wala si kijivu. Jua linapiga udongo, udongo unarudisha mwanga juu, na nguo nyeupe inaupokea. Kuanzia magotini kwenda chini kuna waridi iliyochanganyika na chungwa, kisha kadiri unavyopanda inapoa kuwa samawati ya anga. Ukuta wa nyumba ni vivyo hivyo: chini joto, juu baridi, na wote huo mtu akiulizwa atasema mweupe. Nilichora ukuta mmoja tu asubuhi yote. Siena iliyotiwa maji mengi kwa chini, kobalti iliyotiwa maji mengi kwa juu, zikutane katikati karatasi ikiwa mbichi, na pale jua linapopiga moja kwa moja niliacha karatasi tupu. Hiyo ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote za safari hii, ingawa nyekundu yenyewe haimo.

Alasiri pepo ilikuwa kali ufukweni na mchanga ulikuwa unaingia kwenye kibao. Nikafunga.

Jumamosi, Malindi

Udongo wa mama umekauka, umebaki unga laini kuliko wa mahindi. Nimeuchanganya na gundi ya mgunga, fungu moja la gundi kwa mawili ya maji ya moto, asali kidogo ili rangi isipasuke, na tone la mafuta ya karafuu ili isiote kuvu. Nimesaga juu ya kioo bapa kwa kisagio mpaka ile sauti ya kukwaruza ikaisha. Udongo uliokaangwa nao nimeufanyia hivyo hivyo.

Matokeo yamenifundisha mengi. Rangi ya udongo wa kukandikia, ikipakwa nyepesi juu ya karatasi nyeupe, ni waridi ya machungwa, pole kabisa. Mtu asingedhani imetoka Magarini. Nimepaka kando yake kijani cha mikorosho, na kando nyingine zambarau ya kivuli. Ukawa udongo wa Marafa pale pale. Uliokaangwa unakaribia siena yangu ya tyubu, ila una punje zaidi na umeshika vinyweleo vya karatasi vizuri kuliko siena. Kwa kuta za karibu nitautumia badala ya tyubu.

Kwa anayetaka kwenda mwenyewe: siena ya kuchoma, nyekundu ya Kihindi, ocha ya njano, ultramarini na kijani kimoja zinatosha. Asiyeweza kupata nyekundu ya Kihindi achanganye siena na PV19. Aende Marafa kuanzia saa tisa, abebe maji ya kunywa na ya brashi katika chupa tofauti, na aanze kwa kupaka vivuli kabla ya kuta, maana jua likilala vivuli hukimbia.

Mimi narudi Januari, kaskazi ikiwa imeshika. Majani yatakuwa yamekauka, kijani kitakuwa kimepungua, na bahari itakuwa imetakata mpaka ufukweni. Majirani wa udongo watakuwa wengine kabisa, kwa hiyo mchanganyiko wote wa juma hili itabidi uanzwe upya. Picha ya nyumba nitampelekea mama, ukuta wake ukiwa umekwisha kauka.